Programu ya bakapu inaorodhesha matoleo ambayo hayafunguki, na sapoti wanasema ni "shida ya kuonyesha tu"

Wadau, leo niko na hasira na nitaandika yote. Natunza vitabu vya duka la hadwea hapa Kisumu, upande wa Kibuye, na kompyuta ya ofisi iko na programu ya bakapu ambayo mwenye duka analipia kila mwaka. Jina naliacha kwa sasa juu bado anadai pesa yake huko. Kazi ya hiyo programu ni moja: faili ikibadilika inaweka toleo jipya kwa diski ya nje na la zamani linabaki, mtu akiharibu kitu unarudi nyuma.

Sasa kijana wa kaunta alifungua faili ya stoki akapanga safu ya majina peke yake kwa alfabeti, safu zingine zikabaki venye zilikuwa. Ukiangalia unaona simenti iko na idadi ya misumari, mabati ya geji 30 yamepewa bei ya brashi ya rangi, na ameshasevu akafunga. Simlaumu. Mambo kama hayo hutokea kila ofisi na ndio maana watu wananunua bakapu.

Nikaingia kwa orodha ya matoleo. La wiki iliyopita liko, tarehe iko, saizi iko, kitufe cha kurudisha kiko. Nabofya, kiduara kinazunguka weee, alafu inaniambia toleo halipatikani. Naenda la siku moja nyuma, vilevile. La siku ingine, vilevile. Alafu huko chini kabisa kuna toleo limeandikwa mwaka wa 2015, na hii duka 2015 ata haikuwa imefunguliwa.

Nikaandikia sapoti. Jibu likaja ati data yangu iko salama, ni shida ya kuonyesha tu, nifute programu niiweke upya. Hapo ndio damu ilinichemka. Kama karani wa sacco amekuonyesha salio lako kwa kitabu na ukienda kutoa pesa anasema haiko, utakubali akuambie ni shida ya mwandiko? Toleo ambalo siwezi kulifungua halinisaidii chochote, ata likiandikwa kwa orodha na tarehe na saizi yake.

Na hiyo ya kuweka upya msiifanye tafadhali, angalau si kitu ya kwanza. Programu za aina hii huwa na sehemu mbili. Kuna data yenyewe iliyokatwa vipande vipande kwa diski ya nje, na kuna katalogi, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya kompyuta kwa diski C ikikumbuka kipande gani ni cha faili gani na cha tarehe gani. Orodha unayoona inasomwa kutoka kwa katalogi, haiendi kuuliza diski kama kitu bado kiko. Hizo mbili zikikosana, orodha inakuonyesha vitu ambavyo havipo au inakuficha vilivyopo. Ukifuta programu kichwa kichwa unaweza kupoteza katalogi na ushahidi wote wa kilichotokea, alafu hiyo mpya ianze kuandika juu ya diski ileile.

Mimi nilichomoa diski kwanza, nikazima ratiba ya bakapu na ile ya kusafisha matoleo ya zamani, nikakopi katalogi na logi, yaani faili ambayo programu inaandika kila kitu imefanya, kwa flashi. Alafu nikakaa chini nikasoma logi mstari kwa mstari, na sasa hii ndio hadithi yenyewe.

Hapa kwetu stima inapotea mnajua. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoshikilia saa ya mashine stima ikiwa haiko. Yetu imekufa. Stima ilipopotea na kurudi, mashine ikawaka na tarehe ya kiwandani ya 2015, na intaneti nayo ilikuwa chini kwa hivyo Windows haikuweza kujirekebisha saa. Ofisi ikaendelea na kazi hivyo mpaka tovuti ya benki ikakataa kufunguka, ndio mtu akaona tarehe ni ya ajabu akairekebisha kwa mkono. Lakini matoleo ya kipindi hicho yote yalikuwa yameshaandikwa 2015.

Usiku sheria ya kusafisha ikaamka. Imewekwa ifute chochote kimezidi miaka sita, juu sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inataka rekodi zikae miaka mitano na mwenye duka aliongeza mmoja wa usalama. Programu ikaona matoleo ya "2015", ikaanza kuyafuta, na wakati ni kazi ya siku chache tu zilizopita!

Sasa shida kubwa iko hapa. Hizi bakapu ni za nyongeza, yaani inachukua nakala nzima mara moja, alafu kila siku inaongeza tu kilichobadilika. Toleo la leo linategemea la jana, la jana linategemea la juzi, mpaka ile nakala nzima. Ukitoa kipande kimoja katikati, vya nyuma yake viko sawa lakini vyote vilivyokuja baadaye vinakatika hadi nakala nzima inayofuata. Programu ilifuta vipande ambavyo matoleo ya wiki iliyopita yamekalia na haikujiuliza kama kuna kitu kinavitegemea. Katalogi nayo ikaacha hayo matoleo kwa orodha kama kawaida, yakiwa na tarehe na kitufe chake. Katikati ya hiyo kazi stima ikapotea tena, logi inaonyesha kusafisha kumeanza na mstari wa kumaliza hauko. Ndio maana toleo moja la 2015 lilibaki, na ndilo nimefanikiwa kulifungua nikalirudisha kwa folda ya pembeni. Lina stoki ya wakati ule saa iliharibika. Yaani toleo lenye tarehe ya uongo ndilo la kweli, na yale yenye tarehe nzuri ni hewa!

Betri ni yetu, hiyo tutabadilisha na si pesa nyingi. Lakini programu inayouzwa kwa kazi ya kulinda data inafaa kushtuka ikiona toleo jipya limekuja na tarehe ya miaka mingi nyuma ya lililotangulia. Isimame, iulize. Na isiwahi kufuta kipande kinachotegemewa. Hiyo si ombi kubwa. Restic, programu ingine ya bakapu ambayo ni ya bure kabisa, imetenganisha kusahau toleo na kufuta data, ukiiambia isafishe inaondoa tu vipande ambavyo hakuna toleo lingine linavihitaji, na iko na amri ya kukagua hifadhi yote kama bado ni nzima. Sisi tumelipa na hatuna hata kitufe cha kukagua.

Kuna na hii ingine ya masaa. Orodha inaonyesha saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, bila kusema. Sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hivyo kitu nimesevu saa tatu na nusu asubuhi kinaandikwa 06:30. Mchana unaweza kuvumilia, lakini sisi tunahesabu stoki usiku wa tarehe 30 Juni tukifunga mwaka, na faili iliyosevuwa saa saba usiku, tayari tarehe 1 Julai, inaonekana kama ya 30 Juni saa 22:00. Mtu akirudisha "ya mwisho ya Juni" anapata mauzo ya mwaka mpya ndani yake. File History, bakapu inayokuja na Windows, nayo inatumia UTC lakini angalau inaandika UTC kwa jina la faili, unajua unasoma nini. Na diski ikiwa imepangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 chunga pia, hiyo inahifadhi saa za hapa wakati NTFS, mfumo wa kawaida wa diski za Windows, inahifadhi za UTC, faili moja ikihamishwa inaweza kukuchanganya.

Hayo yote niliwaandikia na logi nikaambatisha. Wakajibu na aya ileile ya kuweka upya programu, ata neno halikubadilishwa. Hakuna aliyefungua hiyo logi. Mimi nimefanya kazi yao na bado wananiita "mteja wetu mpendwa".

Ninachotaka ni waseme wazi kwa maandishi kwamba matoleo hayo hayapo, watoe apdeti ya hiyo sheria ya kusafisha, na wamrudishie mwenye duka pesa ya mwaka huu. Stoki ya siku zilizopotea tunaijenga kwa risiti na delivari noti, na Jumapili duka litafungwa tuhesabu simenti mfuko kwa mfuko.

Kama uko na programu inayolipiwa, uko Kisumu, Kakamega, Busia, popote, chagua toleo moja la zamani leo na ulirudishe kwa folda mpya, si juu ya faili yako, alafu ufungue uone ndani. Ikikataa, andika hapa ujumbe wa kosa venye ulivyo na tarehe ya mashine yako ilisema nini, juu nakusanya hizi zote nizipeleke pamoja, wakishindwa kujibu mmoja waone tuko wengi.