Naomba ushauri: intaneti ya mtaani au ya kampuni kubwa?

Habari zenu wakuu. Nina steshenari Chikongola, Mtwara. Natumia bando la simu, na jioni linasota kweli: juzi dada wa watu kakaa saa nzima kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kiduara kinazunguka tu, akaondoka.

Kuna kijana wa mtaani anasambaza intaneti kwa antena juu ya bati. Bei nafuu, ukimpigia anakuja na ngazi yake. Ila umeme ukikatika kwake, nami sina. Kampuni kubwa wanataka hela ya kufunga faiba kwanza. (Ingawa Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, wakubwa kwa wadogo wote tulihangaika.)

Mliotumia zote mbili, mvua zikianza ipi inahimili? Na huyu kijana nimuulize nini zaidi ya leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano)?