Mafundi wa Mombasa, acheni kutuuzia stata wakati mpira wa busta ya breki ndio unaovuja!

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu anapeleka Peugeot 504 gereji na shida mbili: pedali ya breki ngumu kama jiwe, na injini haishiki asubuhi mpaka betri ichoke. Fundi hajagusa kitu, keshaandika: stata ya kuwashia injini, betri, masta silinda inayosukuma mafuta ya breki. Gari linarudi na ugonjwa ule ule, na mwenyewe ateremke nalo feri ya Likoni na breki hizo! Huku ni kuchezea roho za watu.

Busta, lile kopo linalousaidia mguu kukanyaga breki, inategemea vakyumu ya manifodi, yaani mvuto wa hewa kwenye bomba la kuingizia hewa injini. Mpira unaoleta vakyumu ukipasuka au diaframu (kiwambo cha ndani ya busta) ikitoboka, breki inakosa msaada, na papo hapo injini inavuta hewa isiyopitia kabureta. Petroli inakuwa kidogo kwa hewa ile, injini inagoma kuwaka, ikiwaka inatetemeka. Fundi anapandisha silensa (kasi ya injini gari likiwa limesimama) kuficha. Ubovu mmoja, bili tatu.

Kupima ni bure. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu, usiondoe mguu, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, msaada upo. Isipozama, vakyumu haifiki. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, bana mpira kwa plaisi karibu na busta: mngurumo ukitulia, busta ndiyo inayovuja. Usipobadilika, kagua mpira wenyewe upande wa chini karibu na manifodi, ambako joto huupasua mahali jicho halifiki. Valvu ya njia moja ya mpira huo ichomoe uipulize: kutoka upande wa busta pumzi ipite, kutoka upande wa injini igome.

Na kinachoudhi kuliko vyote ni kufunga mpira wa petroli mahali pa ule mnene wa vakyumu. Unanyonywa, unajibana, breki zinapotea ghafla!

Masta silinda ina kosa pale mafuta ya breki yanapopungua na magurudumu yote ni makavu. Chomoa mpira wa vakyumu, tazama kama busta imelowa ndani, maana mafuta huvujia humo.

Stata nayo, pima kwanza. Betri iliyojaa ikipumzika husoma volti 12.6, ikishuka chini ya 9.6 stata ikizunguka, shughulikia betri. Waya wa arthi, unaounganisha betri na bodi, usugue kwa brashi, maana chumvi ya bahari huula mpaka ukawa kijani.

Anayejua duka hapa mjini linalouza mpira halisi wa vakyumu kwa mita, aandike hapa.