Ushauri: inteki gani kwa Chevelle 350 ya barabarani na ya robo maili?

Chuma_Kizee

Wakuu, habari za wakati huu. Kabla sijanunua kitu naomba mawazo yenu.

Gari ni Chevrolet Chevelle ya 1970. Injini ni 350, silinda zimechongwa kwa kuongezwa inchi 0.030, kwa hiyo sasa ni inchi za ujazo 355. Mgandamizo ni 9.5 kwa 1. Hedi ni za alumini, njia zake za kuingizia zina ujazo wa sentimita za ujazo 180. Kamshafti inashikilia vali wazi kwa digrii 230 upande wa kuingiza na 236 upande wa kutolea, zikipimwa kwenye mnyanyuko wa inchi 0.050. Gia boksi ni TH350 ya otomatiki, konvata inashika kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika hivi, difu 3.73, tairi za nyuma zina kipenyo cha inchi 27. Kabureta ni Holley ya 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika), sekondari zake, yaani koo za pili, zinafunguliwa kwa vakyumu. Breki zina buusta.

Inteki iliyopo sasa, yaani manifoldi inayopeleka hewa na mafuta kwenye silinda, ni ya chuma, ya kiwandani. Chini inavuta vizuri, ila ikifika 5,000 inakata pumzi na hata ukikanyaga haiongezi kitu.

Gari hii naiendesha katikati ya wiki kama gari nyingine yoyote, foleni na barabara kuu, halafu wikiendi napiga mbio za robo maili. Nimekwama kati ya mbili za Edelbrock: Performer RPM Air-Gap, ambayo ni ya pleni mbili, na Victor Jr., ambayo ni ya pleni moja. Wenzangu wa uwanjani karibu wote wananiambia nifunge Victor Jr. nisipoteze muda. Naomba hoja zenye sababu. Nawasilisha.

robo_maili

Mkuu, mimi niko upande wa Victor Jr. na sababu zipo kwenye gia zako. TH350 ina 2.52 ya kwanza, 1.52 ya pili, na ya tatu ni moja kwa moja. Ukibadilisha kwenye 6,200, gia ya pili inakupokea kwenye 3,740 hivi, ya tatu kwenye 4,080. Na hapo konvata haitaruhusu idondoke mpaka huko chini kabisa. Edelbrock wenyewe wanaitaja Victor Jr. kwa matumizi ya 3,500 hadi 8,000. Maana yake ukishaondoka pale mstarini, injini yako iko ndani ya eneo lake mpaka mwisho.

Njia zake ni fupi, zimenyooka, hewa haipindipindi. Juu ya 6,000 utaiona tofauti. Hizo hedi zako zinastahili kulishwa vizuri.

Mpita_Njia

Naweka kambi hapa, nina swali hilohilo kwenye Camaro. Wazee wa kabureta waje.

Mzee_Pistoni

Mdogo wangu robo_maili, hesabu yako ya gia ni sahihi, ila umeiachia katikati. Tuimalizie mpaka mstari wa mwisho.

Kanuni ni hii: chukua kasi kwa maili kwa saa, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Tuseme Chevelle hii inamaliza kwa maili 105 kwa saa. 105 mara 3.73 mara 336, gawa kwa 27, unapata kama 4,870. Ongeza utelezi wa konvata, tuseme injini iko 5,100 au 5,200 inapokata mstari. Basi. Ile 6,200 anaiona mara mbili tu, sekunde chache kabla ya kubadilisha gia. Gia ya tatu nzima inafanya kazi kati ya 4,100 na 5,200, na kwa difu hiyo inaingia ya tatu akiwa kwenye maili 88 hivi. Kipande chote kilichobaki mpaka mwisho kiko humo. Na humo, kwa kamshafti ya digrii 230, pleni mbili nzuri inatoa torki nyingi kuliko pleni moja. Victor Jr. inaanza kuipita pale ambapo huyu ndugu yetu tayari anabadilisha gia.

Sasa kwa nini iko hivyo, maana watu wengi hutaja majina ya manifoldi bila kujua ndani kuna nini.

Kwenye pleni mbili kuna ukuta unaoigawa plenamu, yaani chumba kilicho chini ya kabureta. Nusu moja ya kabureta inalisha silinda nne, nusu nyingine inalisha nne zilizobaki. Mpangilio wa uwashaji wa Chevy ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ruka moja, chukua moja: 1, 4, 6, 7 upande mmoja, 8, 3, 5, 2 upande wa pili. Kwa hiyo kila nusu inavutwa mara moja kwa kila digrii 180 za krenki, kwa zamu iliyopangika, silinda moja haimnyang'anyi mwenzake hewa. Mvuto kwenye koo la kabureta unakuwa mkali hata kwenye mizunguko midogo, na mafuta yanachambuka vizuri. Halafu njia zenyewe ni ndefu. Hewa iliyo ndani ya njia ndefu ina uzito na mwendo. Pistoni ikishafika chini na kuanza kupanda, hewa ile bado inajisukuma kuingia mpaka vali ifunge. Ndiyo torki ya katikati unayoisikia mgongoni.

Pleni moja, silinda zote nane zinachota sehemu moja. Kwenye mizunguko mikubwa ni raha, kwa sababu silinda inayovuta ina kabureta nzima ya kujihudumia na njia ni fupi. Lakini kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) na kwenye foleni, moshi unaorudi nyuma wakati vali zote mbili ziko wazi unaingia kwenye chumba cha wote na kuwachafulia wengine. Mvuto kwenye kabureta unalegea, mchanganyiko unakuwa haulingani kati ya silinda za pembeni na za katikati. Utakanyaga kutoka 1,800 na gari itasita kabla ya kujibu.

Na angalia barabarani: maili 60 kwa saa kwa difu hiyo ni 2,790 hivi. Performer RPM inatajwa kwa 1,500 hadi 6,500. Maisha yote ya gari hii yamo humo, kuanzia foleni mpaka kubadilisha gia. Chukua Air-Gap.

robo_maili

Mzee, shikamoo. Hoja ya mstari wa mwisho nimeielewa, na kwa difu ya 3.73 nakubali. Lakini je, akiweka 4.30 na konvata ya 3,500? Hapo atamaliza karibu na 5,900 ukijumlisha utelezi. Victor Jr. itakuwa na kazi ya kufanya.

Mzee_Pistoni

Marahaba. Ndiyo, na aongeze kamshafti ya digrii 245 kwenda juu na mgandamizo mkubwa zaidi, hapo nami ningemwambia Victor Jr. bila kusita. Lakini hilo ni gari jingine. Kwa 4.30, maili 60 kwa saa ni 3,200, na huyu amesema anapita barabara kuu katikati ya wiki. Manifoldi ichaguliwe pamoja na kamshafti, konvata na difu kama kundi moja. Ukibadilisha kimoja tu kiwe cha mbio, vingine vitatu vinakivuta nyuma.

Chuma_Kizee

Shikamoo mzee, na asante kwa kuiandika yote mpaka mwisho. Difu sibadilishi. Swali moja: kuna aliyeniambia 750 ni kubwa mno kwa 355, eti nishuke mpaka 600. Ni kweli?

Dada_Torki

Kaka, hesabu ya kawaida ni inchi za ujazo mara mizunguko ya juu, gawa kwa 3,456. Kwako: 355 mara 6,200 gawa kwa 3,456 ni futi za ujazo 637 kwa dakika, kama injini ingejaa asilimia mia. Ukichukua asilimia 90 inabaki 573. Kwa karatasi, 600 inatosha.

Lakini kwenye pleni mbili kila silinda inaona nusu ya kabureta tu, kwa hiyo 750 haiizidi injini nguvu kama ambavyo ingeizidi kwenye pleni moja. Na ya kwako sekondari zinafunguka kwa vakyumu, yaani injini yenyewe inaamua inahitaji kiasi gani. Baki nayo, irekebishe jeti baada ya kufunga. Ukitaka kujaribu kitu uwanjani, weka spesa ya inchi moja iliyo wazi katikati, chini ya kabureta. Inaziruhusu zile nusu mbili zisaidiane kidogo juu. Piga mbio nayo na bila nayo siku hiyohiyo, ulinganishe kasi ya mwisho. Muda pekee unadanganya, kuondoka vibaya kunauharibu.

Kabla hujanunua, pima boneti. Air-Gap iko juu kuliko hiyo ya kiwandani, kwa kuwa njia zake zimeinuliwa ili hewa ipite kati yake na kifuniko cha bonde la tapeti, oili ya moto isizipashe. Toa chujio la hewa, ulirudishe likiwa na vibonge vya plastisini juu ya kifuniko chake, mbele, nyuma na pembeni. Shusha boneti polepole mpaka ijifunge, fungua, kata vile vibonge kwa wembe upime unene. Hapo unajua una nafasi kiasi gani, kisha ulinganishe urefu wa manifoldi mpya na ya zamani, mbele na nyuma. Kumbuka injini inajiinua upande mmoja ukikanyaga, usiridhike na nafasi nyembamba kama karatasi.

Jambo la pili, hedi. Small block za zamani zina bolti 12 za inteki zikiwa na pembe moja. Hedi za chuma za kuanzia 1987 zilibadilishwa pembe ya bolti za katikati, na zile za Vortec zina bolti nane tu. Hedi zako ni za alumini za dukani, kwa hiyo hesabu matundu na uangalie pembe usiagize kwa kubahatisha.

Na gasketi: iweke kwenye hedi kavu, halafu kwenye manifoldi, chora mstari. Mdomo wa manifoldi ukiwa mdogo kidogo kuliko wa hedi hakuna shida. Ukiwa mkubwa, hewa inagonga ukuta wa hedi, hapo ndipo unachonga.

Mpita_Njia

Dada, na wa sehemu za baridi? Nasikia Air-Gap inasumbua asubuhi.

Dada_Torki

Inachelewa kupata joto, ni kweli, kwa sababu hiyohiyo ya njia kutopashwa na oili. Ipe muda kabla ya kuikanyaga na hakikisha choki inafanya kazi. Kama unaendesha majira ya baridi kali kila siku, Performer RPM ya kawaida isiyo na ule mwanya inakufaa zaidi.

Chuma_Kizee

Nimeelewa vizuri sana. Nimepima kwa plastisini jioni hii, nafasi ipo hata kwa chujio la inchi tatu. Naagiza Air-Gap. Kazi ya kufunga nafanya mwenyewe, kama kuna la kuangalia nielezeni.

Mzee_Pistoni

Safi. Distribyuta inapita ndani ya manifoldi, lazima itoke. Weka silinda namba moja juu kwenye mgandamizo, chora alama ya rota kwenye mwili wa distribyuta na kwenye ukuta wa nyuma. Utaona rota inazunguka kidogo unapoinyanyua, kwa sababu meno ya gia yake yako mshazari. Weka alama ya pili pale inapoishia, ndipo utakapoanzia kuirudisha.

Zile gasketi za kizibo za mbele na nyuma zinazokuja kwenye boksi usizitumie. Paka utepe wa silikoni wa milimita sita hivi, uupandishe kidogo kwenye zile kona nne gasketi zinapokutana na bloku. Hapo ndipo oili hupenda kutokea. Shusha manifoldi wima, usiiburuze. Kwa kuwa hedi ni za alumini, kaza bolti kwa spana ya torki ukifuata kipimo cha aliyezitengeneza hedi, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje. Ikishapata joto na kupoa, rudia kuzikaza.

Mwisho, pima kama kuna uvujaji upande wa chini ambako macho hayafiki. Injini ikiwa kwenye sailensa, ziba vali ya PCV (inayotoa gesi za ndani ya injini) na mrija wa kupumulia, uweke kiganja kwenye tundu la kujazia oili kwenye kifuniko cha tapeti. Gesi kidogo inapaswa kukusukuma. Ukihisi kiganja kinanyonywa, gasketi haijakaa upande wa bonde la tapeti na injini inakunywa oili. Itoe uanze upya kabla hujaenda popote.