Mradi wa Java wenye moduli nne kwenye Ubuntu: moduli moja haioni nyingine

MboziKahawa

Habari za humu wakuu. Nipo Vwawa, naandika mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa: mkulima anapima, karani anaingiza kilo, anatoa risiti, na msimu ukifungwa mfumo unakata mkopo wa mbolea na kukokotoa malipo. Natumia Ubuntu 22.04, Java 17 na Maven (chombo cha kujenga miradi ya Java, amri yake ni mvn). Folda kuu ni mfumo-amcos, ndani kuna kiini, mizani, malipo na wavuti. Kiini kimebeba vitu vya pamoja: mkulima, msimu, kilo.

Nikijenga kutoka folda kuu kila kitu kinapita. Nikiingia malipo na kuandika mvn test, naambiwa:

`Could not find artifact tz.amcos:kiini:jar:1.0-SNAPSHOT`

Sasa kiini si kipo hapo hapo pembeni? La pili: wakulima wanataka kuona deni lao kwenye risiti ya mizani. Nikaifanya mizani iitegemee malipo, na malipo tayari inaitegemea mizani ili ipate kilo. Mradi mzima umegoma, unalalamika kuhusu cyclic reference, yaani moduli zinategemeana kwa mzunguko. Naombeni msaada, mavuno yakianza karani hatanisubiri.

UyoleJava

Mkuu, mgawanyo wako ni mzuri, usiuvunje.

Ukiiwasha Maven ndani ya malipo, inapanda kusoma pom.xml (faili la maelekezo ya mradi) ya mzazi, lakini haigeuki kutazama ndugu. Ikihitaji kiini inakwenda kukitafuta kwenye ~/.m2/repository, ghala lake ndani ya kompyuta yako, ikikikosa inatoka kwenda intaneti, na huko hakipo. Ukiwa folda kuu inasoma orodha ya moduli zote na kupanga yenyewe ipi itangulie, kwa kufuata nani anamtegemea nani.

Watakaokuambia uandike mvn install hawakudanganyi. Kiini kitanakiliwa kwenye .m2 na kosa litaondoka. Ila kwa kazi ya kila siku siipendi kabisa njia hiyo. Kesho ukirekebisha hesabu ya kilo ndani ya kiini bila kukiinstall upya, kisha ukaingia folda ya malipo kufanya majaribio, malipo itatumia kiini cha jana kimya kimya. Majaribio yatapita, wewe utaamini umemaliza, na mkulima atakatwa kwa hesabu ya zamani. Hiyo ni ada ya mtoto wa mtu. Baki folda kuu uandike:

`mvn -pl malipo -am test`

-pl inachagua moduli, -am inajenga na zile inazozitegemea. Ukigusa kiini, geuza upande:

`mvn -pl kiini -amd test`

Hapo inajenga kiini na kila moduli inayokitegemea, kwa hiyo kama umeharibu mizani au malipo utajua papo hapo.

Kuhusu mzunguko, Maven ina haki ya kugoma: mizani imngoje malipo, malipo imngoje mizani, nani aanze? Mizani haihitaji moduli nzima ya malipo, inahitaji jibu moja tu, kwamba mkulima huyu anadaiwa shilingi ngapi. Weka interface (mkataba unaotaja kazi bila kusema inafanywaje) ndani ya kiini:

`public interface DaftariLaMadeni {`
`    BigDecimal deniLa(String nambaYaMkulima);`
`}`

Malipo iitekeleze, mizani iitumie bila kujua nani ameitekeleza, na wavuti ndiyo iwaunganishe mfumo unapowaka. Kwenye pom ya mizani futa utegemezi wa malipo. Na tafadhali pesa ziwe BigDecimal kama hapo juu, double, aina ya namba inayokadiria desimali, usiiguse kwenye mfumo wa malipo.

Kihesa_Linux

Kamwene. Naongezea kidogo toka Iringa. Andika mvn -v uone inatumia Java ipi, maana java -version inaweza kusema 17 huku JAVA_HOME, kigezo kinachoionyesha Maven Java iliko, inaelekeza kwingine. Kama una Java zaidi ya moja, `sudo update-alternatives --config java` itakuonyesha zote.

Halafu kama una mwenzako wa Windows, angalieni herufi kubwa na ndogo. Akiandika Malipo kwenye orodha ya moduli na folda inaitwa malipo, kwake itapita, kwako Linux itasema moduli haipo.

MboziKahawa

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimehamishia interface kwenye kiini, nimekaa folda kuu, na Reactor Summary, muhtasari wa mwisho wa ujenzi, inaonyesha kiini, mizani, malipo, wavuti, zote SUCCESS. Limebaki moja. Kompyuta ya ofisi ya AMCOS iko kijijini, mtandao unakuja na kuondoka. Nayo ina Ubuntu na Java 17, Maven nimeshaiweka. Nitajengaje kule?

UyoleJava

Ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, endesha mvn verify kutoka folda kuu mpaka mwisho, ili maktaba na plagi zote zishuke. Watu wengi hutaja dependency:go-offline, amri ya kushusha maktaba mapema, lakini kwenye mradi wa moduli nyingi mara nyingi inakwama ikitafuta moduli zako mwenyewe, ndiyo maana nakushauri verify. Kisha zima Wi-Fi hapo hapo mjini na ujaribu:

`mvn -o clean verify`

-o inaiambia Maven isitumie mtandao. Hiyo clean, inayofuta matokeo ya ujenzi uliopita, iwepo, kwa sababu plagi yake nayo hushushwa kando. Ikikosekana, utaiona sasa hivi badala ya kuikosa kijijini: washa mtandao, endesha mvn clean verify, zima, rudia. Ikipita, funga folda ya repository peke yake:

`tar czf maktaba.tgz -C ~/.m2 repository`

Ipeleke kwa flashi pamoja na msimbo, na kule uifungue ndani ya ~/.m2. Faili la settings.xml, la mipangilio yako ya Maven, usilibebe kama lina nywila zako, maana ile kompyuta inatumiwa na watu wengi.

MboziKahawa

Ndaga fijo, asanteni sana. Naanza na ya Wi-Fi leo hii, nikikwama narudi hapa na kosa lenyewe.