Naomba ushauri: mchezo wa kutembea kwa kasi tuuiteje?

Habari zenu wanajamvi. Jumamosi natangaza riadha ya shule za kata yetu na nimekwama kwenye jina. Mwaka jana nilisema "mbio za kutembea", uwanja ukaangua kicheko. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wanakimbia au wanatembea?" Alikuwa na haki, maana sheria inakataza kukimbia: lazima mguu mmoja uonekane umegusa chini, na goti la mguu wa mbele linyooke.

Nimechungulia kwa wenzetu. Wafaransa husema marche athlétique, Wahispania marcha atlética, Waitalia marcia tu. Wajerumani wamemaliza kwa neno moja, Gehen, yaani kutembea. Kyōho ya Wajapani huunganisha shindano na mwendo wa miguu, hiyo imenivutia.

"Matembezi" naliogopa, linanukia hisani na fulana za bure. "Mwendokasi" nalo, kwa sisi wa Dar, ni basi.

Sasa: Samuel Gathimba wa Kenya alipopata shaba Michezo ya Jumuiya ya Madola 2018, watangazaji waliuitaje mchezo wake? Na "mwendo wa riadha" mnalionaje? Ratiba inachapwa Ijumaa asubuhi.