Seli T huchujwa mapema, mbona mafindofindo yanaishia kuharibu moyo?

Kibuyu: Wakuu, tunafundishwa kwamba seli T (askari wa kinga wa damu) zinazoushambulia mwili wenyewe huuawa mapema kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Sasa inakuwaje mtoto aumwe koo, wiki 2 au 3 baadaye magoti yavimbe na vali za moyo ziharibike, yaani homa ya rumatiki? Mchujo ulikosea wapi?

DamuNyeupe: Mkuu, mchujo haukukosea, ila haujawahi kuwa kamili. Kila seli T hupata kipokezi chake cha kutambua protini kwa vipande vya jeni kuunganishwa kwa bahati nasibu, hivyo zinazoutambua mwili lazima zizaliwe. Ndani ya thaimasi, isiyoweza kabisa kushika molekuli za HLA, vishikizo vya kuonyeshea vipande vya protini juu ya seli, hufa. Inayoshika protini za mwili kwa nguvu mno nayo hufa, au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza kinga. Jeni ya AIRE huifanya thaimasi itoe hata insulini, kazi ya kongosho, ili seli zipimwe nayo. Zinazoshika kwa ulegevu hupenya, na hizo ndizo za kuangalia.

Mama Vali: Naongezea. Huko nje ya thaimasi zipo breki mbili. Seli T ikishika protini (ishara ya kwanza) bila kupata ishara ya pili kutoka kwa seli inayoionyesha, hulala. Halafu zipo zile seli za kutuliza, zinazoendeshwa na jeni ya FOXP3. Mtoto ambaye jeni hiyo imeharibika hupata kisukari na kuhara kukali tangu uchanga. Bakteria wa koo, Streptococcus pyogenes, huleta uvimbe, na uvimbe ndio unaotoa ile ishara ya pili. Protini M iliyo juu ya bakteria huyo inafanana kimaumbo na myosini, protini ya misuli ya moyo. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya protini M hunasa kwenye utando wa vali, utando unavimba, seli T zinaingia. Mara nyingi vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ndiyo inayoumia.

Kibuyu: Basi kuzuia ni kumuua bakteria mapema?

Mama Vali: Ndiyo, ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Sindano moja ya penisilini ya benzathini, au amoksilini siku 10 kamili. Wengi huacha siku ya 3 maumivu yakiisha, bakteria bado yupo. Aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki anachomwa sindano hiyo ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka, mtu mzima uniti 1,200,000, kwenye msuli tu, kamwe si kwenye mshipa. Seli za kumbukumbu hazisahau: koo likiambukizwa tena, vali ileile inashambuliwa upya. Aspirini hutuliza viungo, vali haiziokoi.