Uvimbe wa shavuni kwa Nasra

Kikundi: Ukoo wa Mzee Bakari

Mama Nasra: Assalam alaykum ndugu zangu. Naweka picha ya Nasra. Ile alama ya shavuni imekua. Akisujudu chuoni anainuka shavu limejaa, limekuwa bluu, baada ya muda linarudi. Tangu jana analia linauma, na nikishika nasikia vitu vigumu ndani kama punje za mchele.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam. Maskini mwanangu. Si ndiyo ile mliyoambiwa itanywea?

Mama Nasra: Ndiyo hiyo. Kliniki walisema mpaka afike miaka mitano itakuwa imepotea. Sasa ana saba.

Mjomba Hamisi: Huku kwetu kuna zahanati wanatoa vinyama, mtu anaingia asubuhi anatoka mchana. Mleteni akatolewe yaishe. Mchango wangu upo.

Rehema: Shikamoo mjomba. Nakuomba sana, asikatwe na mtu yeyote kabla haijajulikana ni mishipa gani. Mama Nasra, alizaliwa nayo au ilitokea baadaye?

Mama Nasra: Alizaliwa nayo. Mkunga ndiye aliyetuonyesha, baka dogo la bluu.

Rehema: Weka kidole juu yake. Inadunda? Ina joto kuliko shavu la pili?

Mama Nasra: Haidundi, na joto ni sawa tu. Ukibonyeza inabonyea, ukiachia inajaa tena polepole.

Mjomba Hamisi: Marahaba Rehema. Wewe ndiye unayeshinda kwenye chumba cha ultrasaundi, tueleze.

Rehema: Kuna vitu viwili vinachanganywa, hata hospitalini. Kimoja ni hemanjioma ya watoto wachanga, uvimbe wa mishipa ya damu. Mtoto huzaliwa hana kitu, au ana kidoa tu, wiki chache baadaye kinaanza kukua kwa kasi. Miezi mitano ya mwanzo ndiyo mbaya zaidi. Kisha kinanywea chenyewe kwa miaka. Cha pili ni mishipa iliyojengeka vibaya tangu tumboni. Mtoto anazaliwa nayo, inakua pamoja naye, na hainywei. Inaweza kuongezeka akivunja ungo, akipata ujauzito au akiumia pale. Mulliken na Glowacki walizitenganisha hizi tangu 1982, lakini mpaka leo kila alama ya bluu au nyekundu inaitwa hemanjioma, na mzazi anaambiwa asubiri. Inaniuma sana.

Shangazi Mwanaidi: Mtoto wa jirani yangu alipewa dawa ya kunywa ikafifia. Si apewe na Nasra?

Rehema: Hiyo ni propranololi, shangazi, dawa ya moyo na presha. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliwapa watoto wenye matatizo ya moyo wakaona hemanjioma zao zinanywea, wakaandika habari hiyo 2008. Imewasaidia watoto wengi. Kwa mishipa ya namna ya Nasra haisaidii. Na inaweza kumshusha mtoto sukari na mapigo ya moyo, kwa hiyo msiazime dawa kwa jirani.

Bibi (anaandika Salma): Bibi anasema Mama Nasra alishtuka wakati wa mimba akajishika shavu.

Rehema: Shikamoo bibi. Mama Nasra hakukosea lolote. Ni hitilafu inayotokea mishipa ya mtoto ikijengwa, na mara nyingi haitoki kwa baba wala kwa mama. Naomba mtu asimwambie tena maneno hayo.

Bibi (anaandika Salma): Marahaba mjukuu wangu. Bibi amekuelewa. Anasema Mungu amponye.

Baba Nasra: Tuanzie wapi?

Rehema: Ultrasaundi yenye Dopla. Haina sindano wala maumivu. Inaonyesha damu inapita kwa kasi au polepole, na hapo ndipo matibabu yanapoachana njia. Ikiwa ni ya kasi, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inamwaga damu moja kwa moja kwenye vena, mshipa unaoirudisha. Mjomba, ya namna hiyo ikikatwa zahanati, damu inaweza kushindikana kuzuia. Hata ateri ikifungwa tu, mwili unafungua njia nyingine na tatizo linazidi. Ya Nasra inaelekea ya polepole, ya vena. Zile punje ni damu iliyoganda ikawa vijiwe, na kuganda huko ndiko kunakouma. Baada ya Dopla watataka MRI, picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, waone imeingia ndani kiasi gani. Akilala anakoroma?

Mama Nasra: Hakoromi, anakula vizuri. Ila ndani ya shavu, upande wa meno, kuna kibluu kingine.

Rehema: Hilo mwambie daktari kabla ya yote. Mwombe rufaa ya Muhimbili, kwa wanaotibu kwa sindano wakiongozwa na picha. Walianza kufundisha madaktari wa fani hiyo 2019. Wanaingiza dawa, kama bleomaisini, ndani ya mishipa yenyewe, kuta zinaungua na kusinyaa. Hurudiwa. Siku za mwanzo shavu litavimba zaidi, msitishike. Sitawadanganya kwamba litafutika kabisa, lakini maumivu na ukubwa hupungua. Ikishindikana kuna vidonge vya sirolimasi, au upasuaji wa mtu anayeijua kazi hiyo.

Mama Nasra: Kusujudu aache?

Rehema: Asizuiwe chochote. Likiuma, alalie mito miwili. Likivimba ghafla, akitoka damu mdomoni au akipumua kwa shida, hospitali usiku huohuo.

Baba Nasra: Jumatatu naomba ruhusa kazini.

Mjomba Hamisi: Basi mchango wangu uende kwenye vipimo. Nimetuma, angalieni simu.

Mama Nasra: Umefika mjomba, Mungu akuzidishie. Rehema, Nasra ameniuliza kama watamkata. Nimemwambia kwanza watampaka jeli ya baridi wamwangalie kwenye kioo.

Rehema: Mwambie na yeye ataiona damu yake ikipita, nyekundu na bluu. Watoto wanapenda.